Mwanamke aliyechora katuni kwa mkono: nimsome nani?

BintiNkuhungu: Shikamooni wakubwa. Niko Nkuhungu, Dodoma. Nachora kwa penseli mbwa wa jirani akiruka ua wa michongoma, karatasi 36 hadi sasa. Nikizipekua haraka anaruka kweli, ila akitua anaonekana hana uzito. Kaka anasema kazi hii ni ya wanaume, tena siku hizi ni ya kompyuta. Kuna mwanamke aliyeifanya kwa mkono?

MwalimuSanaa: Marahaba mwanangu. Umechora mbwa, basi anza na Retta Scott. Alizaliwa 1916 Omak, jimbo la Washington, Marekani, akaingia studio ya filamu za katuni ya Disney 1938. Mwaka huohuo studio ilimjibu kwa barua msichana aliyeomba kazi kwamba ubunifu wa katuni ni wa vijana wa kiume. Wasichana walikuwa chumba cha wino na rangi, wakinakili michoro ya wengine juu ya seluloidi, yaani karatasi za plastiki angavu.

Retta akapewa kuchora mbwa wa wawindaji katika filamu ya Bambi. Si mbwa wa kuchekesha wale! Kundi zima, meno nje, wanaparamia mwamba kumfuata paa jike, kila mmoja akionekana kwa upande wake. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, ni michoro 12 kwa mbwa mmoja tu. Filamu ilipotoka 1942, alikuwa mwanamke wa kwanza Disney kuandikwa jina kama mhuishaji, yaani mchoraji anayezipa picha mwendo. Kila nikiiona sehemu ile moyo unanienda mbio.

Kikuyu_Kusini: Mwalimu, tusimsahau Lillian Friedman. Alikuwa mhuishaji katika studio ya Fleischer, New York, tangu 1933, Retta hajaingia Disney.

MwalimuSanaa: Kweli kabisa, ahsante. Binti, kuhusu uzito: usianze na miguu. Mbwa akitua, mabega huzama kwanza, kichwa kinafuata, ndipo mgongo unajikunja kuileta miguu ya nyuma. Mimi niliyaona hayo Hombolo, nikikaa chini na daftari mbwa wa wachunga mbuzi wakivuka korongo. Kaa karibu na huo ua asubuhi, umtazame wa jirani mara kumi kabla ya kushika penseli.

BintiNkuhungu: Nimekaa tangu saa kumi na mbili leo. Nimefuta karatasi ya 29 hadi ya 32, nikashusha mabega. Mwalimu, ametua! Ila mkia bado umekaa kama kijiti. Wenyewe hufuata mgongo au hubaki nyuma?

MwalimuSanaa: Hubaki nyuma karatasi mbili tatu, ndipo unashuka.