Setilaiti ya kampuni inayosaidia jeshi vitani: ni halali kuipiga?

Mleta mada: Wakuu, Oktoba 2022 mjumbe wa Urusi alisema kwenye Umoja wa Mataifa kwamba setilaiti za kibiashara zinazosaidia jeshi la Ukraine zinaweza kuwa shabaha halali ya kulipiza kisasi. Kila mtu alielewa kwamba Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX, imo. Je, alikuwa sahihi?

Kuna watakaosema huko juu hakuna sheria. Ipo. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 kinataka mataifa yafuate sheria ya kimataifa hata huko. Cha 4 kinakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzunguko wa dunia, ila silaha za kawaida hakikuzigusa, na ndipo wakubwa wanapopenyea.

Mimi nasema setilaiti inayoongoza droni za jeshi imeshaingia vitani, iwe ya serikali au ya tajiri. Kifungu cha 52 cha Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977, mkataba wa kulinda raia vitani, hakiulizi mwenye mali ni nani. Kinauliza inatumikaje, na kuiangamiza kunaleta faida gani ya kijeshi. Lakini kuna suala la uwiano: madhara kwa raia yasizidi faida hiyo. Novemba 15, 2021 Urusi ililipua setilaiti yake chakavu, Kosmos 1408, kwa majaribio tu. Vipande zaidi ya 1,500 vikasambaa. Watu saba waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga wakajifungia kwenye vyombo vyao tayari kwa kutoroka, na wawili kati yao walikuwa Warusi! Kwa hiyo kombora hapana. Kuvuruga mawimbi yake, sawa.

Kaskazi: Mkuu, hizo ni sheria za kusomea darasani. Aprili 2024 Marekani na Japani zilipeleka azimio Baraza la Usalama, tena la kukumbushia tu katazo hilo hilo la nyuklia. Nchi 13 ziliunga mkono, China haikuelemea upande wowote, Urusi ikapiga kura ya turufu. Na Itifaki unayoitaja, Marekani yenyewe haijairidhia hadi leo. Nani atamfunga nani?

Mleta mada: Turufu ilizuia azimio, mkataba wa 1967 haukuguswa, na Urusi bado imo. Hata hoja yake siku ile ilikuwa kwamba katazo liguse silaha zote. Mtu asiyejali sheria hahangaiki kujitetea kwa sheria.

Binti Saidi: Jamani, mnang'ang'ania makombora wakati mfano halisi ulitokea ardhini. Februari 24, 2022, kama saa moja kabla ya Urusi kuvamia Ukraine, wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa kusimamia KA-SAT, setilaiti ya intaneti ya kampuni ya Viasat, wakafuta kumbukumbu za modemu za wateja. Setilaiti yenyewe ilibaki nzima. Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo iliyotegemea mtandao huo haikuweza tena kusimamiwa kwa mbali, na kampuni ikalazimika kutuma modemu mpya karibu 30,000. Hakuna kilicholipuka. Hilo nalo tuliite shambulio?

Mleta mada: Kwangu, ndiyo. Modemu isiyofaa tena hadi uletewe nyingine imeharibiwa, hata kama haina mkwaruzo. Najua wapo wanasheria wanaodai lazima pawe na uharibifu wa kushikika. Wakishinda hao, hospitali yaweza kukatiwa mawasiliano wiki nzima na isihesabike kuwa imeshambuliwa.

Mutua: Na sisi tusio na ugomvi na mtu? Desemba 30, 2024 pete ya chuma, kipenyo mita 2.5, kilo kama 500, ilianguka kutoka angani kwenye kijiji cha Mukuku huku Makueni, Kenya. Hiyo ni wakati wa amani. Mkataba wa fidia wa 1972 unasema taifa lililorusha chombo linalipa madhara ya ardhini, hata kama halikukosea. Sasa setilaiti ikipigwa vitani, kipande kikatua kwenye paa langu, nimdai aliyeirusha au aliyeipiga?

Mleta mada: Kwa maandishi ya mkataba, aliyeirusha.

Mutua: Yaani aliyepigwa ndiye anilipe?

Kaskazi: Haya mkuu, mjibu huyo.