Naomba ushauri: makopo mawili ya bia moja ya Kijapani, ladha mbili tofauti. Kosa ni la ulimi wangu?

Msafiri_Ueda

Wakuu, habari za jioni. Nipo Ueda, mkoa wa Nagano, Japani, nasoma, huu ni mwaka wa pili. Jumamosi ijayo sempai wangu wa maabara, yaani mwanafunzi aliyenitangulia, ameandaa kikao cha kuonja bia nyumbani kwake. Tupo sita. Kila mtu analeta bia aliyoichagua, anaimimina, kisha anawaeleza wenzake anachokiona, anachonusa na anachoonja, na mwisho anaipa alama. Wenzangu wanalichukulia jambo hili kwa uzito, na mimi sitaki kusema "ni nzuri" halafu nikakaa.

Nimechagua Yona Yona Ale kwa sababu ni ya hapa hapa jirani. Wenyewe ni kiwanda cha Yo-Ho cha Karuizawa, vituo viwili vya shinkansen, treni ya kasi, kutoka kwangu. Ni peili eli (pale ale), aina ya bia yenye harufu ya matunda na uchungu, kilevi asilimia 5.5, na jina lake maana yake ni kama "usiku baada ya usiku".

Nilinunua makopo ya kufanyia mazoezi. La kwanza nililinywa likitoka kwenye friji, baridi kabisa, mdomo kwenye kopo. Nilipata uchungu na gesi, basi. La pili nililitoa kwenye kapu la punguzo la duka jingine, nikalimimina kwenye glasi jana usiku. Hilo lilinishangaza. Lilinuka kama daftari lililonyeshewa na mvua likakaushiwa ndani ya begi, na nyuma yake utamu mzito, kama asali iliyokaa sana. Maelezo ya bia hii kila mahali yanataja machungwa. Sikupata chungwa hata moja, si kwenye kopo la kwanza wala la pili.

Nisaidieni: je, ulimi wangu haujui bia hizi, au kuna kopo lililoharibika? Na mtu anayeanza anaonjaje kwa utaratibu?

MzeeMbege

Mdogo wangu, ulimi wako ni mzima, na pua yako ni nzima zaidi. Hilo daftari lililonyeshewa ndiyo alama ya bia iliyozeeka. Hewa kidogo hubaki ndani ya kopo tangu siku ya kujazwa, na joto huiharakisha kazi yake. Harufu ya matunda inakufa kwanza, halafu linakuja karatasi, halafu utamu wa asali. Bia ya namna hii haikuumizi, ila imepoteza kile ulichoilipia.

Geuza kopo utazame tarehe ya mwisho kitakoni. Japani mwaka unatangulia, kisha mwezi. Tuambie umekuta nini.

Msafiri_Ueda

Shikamoo mzee. Nimelitoa kwenye taka nikaangalia: lilibakiza wiki mbili. Na sasa nakumbuka lile kapu lilikuwa limewekwa dirishani, upande wa jua. La kwanza tarehe yake ipo mbali sana.

MzeeMbege

Marahaba. Basi jibu la swali lako la kwanza unalo. Kopo linazuia mwanga lakini halizuii joto.

DadaKimea_Nai

Kaka, mimi humimina bia za viwanda vidogo hapa Nairobi, huu mwaka wa sita. Mzee amemaliza la kopo la pili, mimi niseme la kwanza, maana hapo ndipo watu wengi hupotelea. Uliinywa baridi mno. Baridi hulaza harufu na kufanya ulimi uwe mzito, kwa hivyo kinachobaki ni uchungu na gesi, vile vile ulivyoandika. Laga, zile bia nyepesi za kawaida, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya baridi hiyo. Peili eli inataka ipumue. Hao Yo-Ho wenyewe hushauri nyuzi 13 hivi kwa Yona Yona. Kule kwenu Bongo mteja huulizwa "ya baridi au ya moto?" Sasa hii iweke katikati: itoe kwenye friji, iache mezani mpaka kopo liache kukuumiza kiganja.

Glasi ndiyo nusu ya kazi. Ioshe, isuuze kwa maji mengi hadi sabuni iishe, usiipanguse kwa kitambaa cha jikoni. Ukimimina ukaona vipovu vimeng'ang'ania ukuta wa glasi upande mmoja, hapo kuna mafuta, na povu litakufa mapema. Anza ukiwa umeiinamisha glasi, malizia imesimama, usijaze. Acha nafasi ya harufu kukusanyika.

Kisha nusa kabla ya kunywa. Mara mbili tatu, kwa pumzi fupi kama mtu anayenusa embe sokoni kujua kama limeiva. Andika neno la kwanza linalokuja, hata likiwa la ajabu. Wewe "daftari lililonyeshewa" umeliandika vizuri kuliko wateja wangu wengi. Unywe kidogo, uizungushe mdomoni, umeze, halafu toa pumzi kwa pua mdomo umefungwa. Hapo kwenye pumzi ya kutoka ndipo hujitokeza hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Usihukumu kwa tama la kwanza, ulimi bado unashangaa uchungu. La tatu ndilo husema kweli.

Na kuhusu chungwa: nenda dukani ununue balungi moja. Lichune ganda, ulikunje mbele ya pua mpaka yale mafuta yaruke. Baada ya dakika moja nusa bia. Hukupata chungwa kwa sababu ulikuwa unatafuta juisi, na harufu yenyewe iko kwenye ganda.

Mkazi_wa_Osaka

Nyongeza kutoka upande wa huku. Ukisimama mbele ya wenzako waambie bia hiyo imetoka wapi, itawasaidia kuipima kwa haki. Mpaka 1994 sheria ya Japani ilimtaka mwenye leseni ya bia atengeneze angalau kilolita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo soko lilikuwa la wakubwa wachache. Mwaka huo kiwango kikashushwa hadi kilolita 60, na viwanda vidogo vikaota kila mkoa, bia zao zikaitwa ji-biru, bia za mahali. Nyingi zilinunuliwa na watalii mara moja tu kama zawadi. Yona Yona ilitoka 1997, na hopsi yake ni Cascade, ya Kimarekani, iliyotolewa kwa wakulima kutoka Oregon mwaka 1972. Kwa hiyo usitafute "ladha ya Kijapani" humo. Ni mtindo wa Marekani uliofanywa kwa uangalifu chini ya mlima Asama. Anayetaka hopsi iliyozaliwa Japani aitafute Sorachi Ace, kazi ya kampuni ya bia ya Sapporo kule Hokkaido, yenye limau na kitu kama nazi. Mimi naipenda kuliko Cascade, lakini hilo ni langu.

La muhimu zaidi: unaenda na baiskeli? Tangu Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa na miligramu 0.15 za kilevi kwa lita ya pumzi ni kosa la jinai, hadi miaka 3 jela au faini ya yen 500,000. Una viza ya masomo, ndugu yangu. Rudi kwa miguu.

NdimuKavu

Kuhusu alama, waamuzi wa BJCP, chama cha Marekani cha waamuzi wa mashindano ya bia, hutumia karatasi ya alama 50. Harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mwili wa bia mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Angalia mwonekano ulivyopewa kidogo, wakati sisi tunaanza kusifia rangi.

DadaKimea_Nai

Karatasi hiyo naiheshimu, ila ni ya mashindano, na pale swali ni kama bia imetimiza mtindo wake. Kwa watu sita sebuleni ningependa kila mtu aeleze kwanza, alama zije mwisho kabisa. Mtu akishataja 38 mapema, wengine wote huanza kuizunguka hiyo 38.

Kaka, una shaka na ulimi wako, si ndiyo? Fanya hivi. Nunua kopo bichi, na jingine kutoka lile kapu. Mwombe sempai akumiminie glasi tatu usione: mbili za bia moja, ya tatu ya nyingine. Wewe useme ipi si mwenzao. Rudieni mara tatu. Kupatia zote kwa kubahatisha ni nafasi 1 kati ya 27.

MzeeMbege

Niongeze moja kuhusu uchungu, maana vijana wengi huuona kama adhabu. Kwetu Kilimanjaro mbege hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na magome ya mti wa msesewe ndiyo hutia uchungu. Bibi yangu alikuwa akionja kwa kijiko cha mti, anatulia, anaongeza gome kidogo, anaonja tena. Alikuwa anatafuta pale ambapo utamu wa ndizi unasimama bila kumchosha mnywaji. Hopsi inafanya kazi ile ile kwa kimea cha shayiri. Kwa hiyo usijiulize "ni chungu kiasi gani?" Jiulize kama uchungu na kimea vinashikana, na kama baada ya kumeza kinywa kinabaki kisafi au kinakwaruza.

Msafiri_Ueda

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho. Kikao kilikuwa jana.

Nilifanya yote. Balungi nililichuna pale pale mezani, ganda likapita mkono kwa mkono. Kopo bichi nililiacha nje ya friji nusu saa. Rangi ya kaharabu iliyokolea kidogo, povu jeupe linaloacha duara kwenye glasi kila unapomeza. Harufu: ganda la balungi, wazi kabisa, mpaka nikacheka kwa furaha. Chini yake mkate uliookwa ukiwa bado wa moto. Uchungu unakuja mwishoni, unakaa pande za ulimi, unaondoka bila kukwaruza. Mzee, nilimkumbuka bibi yako.

Halafu zile glasi tatu. Nilipatia mara zote tatu. Sempai akataka na wengine wajaribu mara moja moja, na kati ya watano, wanne walipatia. Nikaipa bia mbichi 40, nikataja mwisho kama Dada alivyosema. Baiskeli niliiacha nyumbani.

Tulipofunua karatasi za maelezo, kwenye lile kopo la kapuni sempai alikuwa ameandika neno moja tu: danbōru. Nikamwuliza ni nini. Akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na boksi la karatasi ngumu lililoletewa mboga, limelowa kitako, akanisogezea puani.