Kabila la jangwani lililotokana na joka: mila zao zianzie wapi?

Mtoto wa Shangani (Mtwara) anauliza:

Salaam kwenu wanajukwaa. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiandika hadithi ndefu ya kubuni inayotokea katika ulimwengu usio huu wetu, ambamo liko jangwa kubwa liitwalo Uhari, na ndani yake wanaishi Wahari, watu wanaojihesabu wote kuwa wajukuu wa joka mmoja jike. Joka huyo, ambaye wao humwita Bibi tu bila kuongeza jina, alitaga mayai saba mchangani. Mawili hayakuanguliwa, matano yakaanguliwa, na hao watano ndio chimbuko la koo tano za Wahari zilizopo hadi leo.

Tatizo langu ni hili. Mpwa wangu, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza na hana huruma, amesoma sura sita akaniambia kwamba Wahari ni watu wa kawaida waliovikwa magamba. Wana macho ya njano, wana ngozi ngumu mgongoni, makaa ya moto hayawaunguzi viganja. Lakini wakioa, wakizika, wakirithishana na wakigombana, hufanya vilevile wafanyavyo majirani zangu wa hapa Shangani. Nilikasirika siku mbili, kisha nikakubali kwamba amesema kweli.

Naomba basi ushauri wenu: ikiwa watu wanaamini kwa dhati kwamba damu yao ni ya joka, na wanaishi mahali ambapo mvua huweza kukosekana miaka mitatu mfululizo, imani hiyo itajitokeza wapi katika mila zao? Sitaki joka anayetema moto katika kila ukurasa. Nataka msomaji aione asili yao hata pale ambapo neno "joka" halikutajwa.

Mwalimu wa Tandahimba anajibu:

Ndugu yangu wa Shangani, salaam. Huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa upo hapa juu ya uwanda wetu wa Makonde. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtafiti wa mila za watu, alifika huku na kuandika masimulizi aliyopewa kuhusu chanzo cha Wamakonde. Yanasema kwamba Mahuta ilikuwa vichaka vitupu, na humo akatokea mtu ambaye hakuwa akioga wala kunyoa, na aliyekula na kunywa kidogo sana. Mtu huyo akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka kwake, akaisimamisha. Usiku ikapata uhai ikawa mwanamke. Wakateremka pamoja hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, akajifungua tena mtoto mfu. Waliporudi juu Mahuta, mtoto wa tatu akazaliwa, akaishi.

Sasa angalia masimulizi hayo yalizaa nini. Hakuna Mmakonde anayedai kuwa ana gome badala ya ngozi. Lakini kwa mujibu wa masimulizi hayohayo, babu huyo aliwaamuru wanawe wawazike wafu wao wakiwa wima, kwa kumbukumbu ya mama aliyepata uhai akiwa amesimamishwa, na akawakataza kujenga mabondeni na kando ya mito mikubwa, kwamba nyumba iwe mbali na maji kwa mwendo wa saa moja au zaidi. Mti ukabaki kaburini, na watoto wawili waliokufa wakabaki katika kila safari ya mama aliyeteremka kutoka Newala kwenda kuchota maji bondeni, kwa sababu mchanga wa uwanda huu huimeza mvua yote na hauachi mto juu. Vizazi na vizazi vimebeba maji kichwani kupanda mteremko ule, na sababu iliyosimuliwa ilikuwa ni hao wawili.

Nakuuliza basi: umetuambia kwamba mayai mawili ya Bibi hayakuanguliwa, ukayapita kama mtu anayepita mlango wa msiba bila kubisha hodi. Kwa nini hayakuanguliwa? Mimi ningesema kwamba aliyataga karibu na kisima, mchanga ukawa na unyevu, yakaoza. Kuanzia hapo mengi yanajipanga yenyewe. Mhari hapigi hema karibu na kisima, hata akiwa mgonjwa, hata usiku. Visima vyote ni mali ya zile koo mbili ambazo hazikuzaliwa, kwa hiyo hakuna ukoo ulio hai unaoweza kukimiliki kisima, na anayechota lazima kwanza awasalimu wenyewe na kungoja kidogo, kana kwamba ataitikiwa. Damu haimwagwi hapo. Adui wawili wanaweza kuchota ubavu kwa ubavu, kila mmoja akijua kwamba mwenzake hatavuta kisu mpaka wafike mahali pakavu. Kwa nchi yenye visima vichache, mila hiyo inaokoa watu na mifugo, ingawa wenyewe wakiulizwa watakujibu habari za mayai.

Jambo la pili nitalitaja kwa ufupi, kwa sababu wengi humu mnalijua. Bibi ni mwanamke, na katika maelezo yako hakuna mume aliyetajwa. Watu wa namna hiyo watahesabu ukoo kwa mama, kama walivyofanya Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, na mtoto atamwogopa mjomba kuliko baba. Mwachie mpwa wako aandike sura hiyo. Bila shaka anajua namna ya kumsumbua mjomba.

Mkunga mstaafu (Masasi) anajibu:

Wanangu, habari zenu. Mimi si mwandishi, ila nimezalisha wanawake kwa miaka mingi, na katika maelezo yote hayo naona hakuna aliyeuliza swali ambalo mkunga angeuliza kwanza: je, Wahari hutaga au huzaa?

Ukisema kwamba hutaga, kuna jambo kubwa utakuwa umelipata bila gharama. Kwa mamba, jinsia ya kitoto haiamuliwi wakati wa kujamiiana. Huamuliwa na joto la kiota, kwa hiyo yai lililofukiwa chini na yai lililofukiwa juujuu yanaweza kutoa watoto wa jinsia tofauti. Hebu fikiria kabila ambalo wanawake wazee ndio wanaolinda mchanga wa mayai, ndio wanaojua lifukiwe kina gani, na lipunguziwe kivuli lini. Hao ndio watakaoamua ukoo upate mabinti wangapi na vijana wangapi. Mfalme anayetaka wapiganaji hana budi kwenda kupiga magoti mbele ya bibi mmoja mwenye koleo la mti. Na wanawake wakiona kwamba vita vimezidi, watafukia tofauti kwa miaka michache bila kumwambia mtu, na mfalme atashangaa kwa nini nchi nzima inazaliwa wasichana. Hapo sioni haja ya magamba hata moja.

Kuhusu mwili, mtazame mjusi ukutani asubuhi. Hajishughulishi na lolote mpaka jua limpate, kwa kuwa hana moto wake mwenyewe wa ndani. Jangwani usiku ni wa baridi kali, maana hewa kavu na anga lisilo na mawingu haviwezi kulishika joto la mchana. Kwa hiyo Mhari wa alfajiri ni mzito, ulimi wake ni mzito, na kumdai mtu jibu kabla jua halijampata mgongoni ni ukosefu wa adabu, kama vile sisi tunavyoona aibu kumdai mtu aliye mezani. Baraza lao litakaa saa tatu asubuhi. Salamu yao haitauliza kama umeamkaje. Itauliza kama umepata jua. Mashtaka yaliyotolewa usiku hayatakuwa na nguvu, na anayekushambulia usiku ataitwa mwizi hata kama haki ilikuwa yake.

Nimalizie na unyago wao, kwa kuwa kila mtu atatarajia kwamba kijana atajivua gamba. Najua msemo huo ulichakaa katika siasa zetu mwaka 2011, lakini usiuogope. Swali la maana ni kwamba gamba lililovuliwa linakwenda wapi. Kwetu, vitu vya unyago havitupwi ovyo, na yaliyosemwa ndani hayasemwi nje. Nadhani gamba la kwanza la binti litahifadhiwa na somo wake, si mama yake, na litarudishwa siku ya kuzikwa.

Mtu wa Mikindani anajibu:

Kwa heshima zote kwa Bibi Mkunga, mimi nayakataa mayai. Wakitaga, watakuwa wanyama wanaozungumza, na hadithi itageuka kuwa somo la viumbe. Nguvu ya nasaba ya namna hii ni kwamba watu wanazaa kama sisi, wanaugua homa kama sisi, na bado wanasema bila kupepesa jicho kwamba nyanya wa nyanya yao alikuwa joka. Acha msomaji asijue kama ni kweli.

Tena umesahau majirani. Kabila halijijui lenyewe mpaka lichekwe na wengine. Wahari wawe na watani wao, labda wafugaji wa ngamia walioko kingo za jangwa, ambao kila wakikutana huwauliza kama leo wamekula nzi wangapi, na kama mkia wameuacha nyumbani. Wahari hawakasiriki, kwa sababu ndio utani. Kisha Mhari akifa, wafugaji haohao ndio wanaokuja kufanya kazi ya msiba, wanaingia wakitambaa kama mijusi, wanadai walipwe kabla ya kushika jembe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Huku kusini tumelishuhudia jambo hilo katika misiba mingi, na sijaona namna nyepesi zaidi ya kumwonyesha msomaji kwamba nasaba hii inajulikana na watu wa nje, hata wasioiamini.

Kijana wa Lindi anajibu:

Nimesoma yote, na nashangaa kwamba tumezungumza mayai, maji na misiba, lakini hakuna aliyeuliza mifupa ya Bibi iko wapi. Aliyezaliwa mkoa wa Lindi hawezi kuliacha swali hilo. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aitwaye Bernhard Wilhelm Sattler alioneshwa mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wetu, na kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin ukachimba hapo mabaki ya dinosaria walioishi takribani miaka milioni 150 iliyopita. Mamia ya wenyeji walichimba na kubeba. Mizigo ilifungwa, ikawekwa vichwani na mabegani, ikatembezwa kwa miguu kwa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, na kwa jumla ilizidi tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mmoja jina la *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Mifupa yenyewe ipo Berlin hadi leo, ambako mmoja wao amesimamishwa akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13.

Basi wape Wahari mahali ambapo mifupa ya Bibi imelala, na sheria zake: nani anaruhusiwa kupita kivulini mwake, nani anafagia mchanga baada ya tufani. Kisha walete wageni wenye kamba na masanduku, ambao kwao mfupa ni mfupa tu. Na wabebaji wasiwe wageni. Wawe Wahari wenyewe, katika mwaka wa njaa, wanaolipwa chakula kwa kila mzigo, na kila mmoja anajua amebeba sehemu gani ya mwili wa Bibi. Aliyebeba ubavu atakuwa na la kuwaambia wajukuu, na aliyebeba fuvu huenda asiseme kamwe.

Mtoto wa Shangani anajibu:

Nawashukuru sana. Bibi Mkunga, shikamoo. Nimeamua kwamba Wahari watazaa kama watu, kama alivyoshauri ndugu wa Mikindani, lakini wazee wao watashikilia kwamba zamani walikuwa wakitaga, na wanawake wenye koleo nitawabakiza. Watamlaza mama mjamzito katika mchanga wa joto au wa baridi kulingana na mtoto anayetakiwa, na mfalme ataendelea kupiga magoti. Visima vya koo ambazo hazikuzaliwa vimeingia katika sura ya kwanza. Sura ya wabebaji nimeianza jana usiku na sikulala.

Nimekwama mahali pamoja. Nilitaka Wahari nao wazike kwa namna yao, na nikafikiri marehemu akalishwe amejikunja kama kiumbe ndani ya yai, katika shimo refu. Mpwa wangu ameniuliza shimo refu litasimamaje katika mchanga mkavu bila kuporomoka, na sikuwa na jibu.

Mwalimu wa Tandahimba anajibu:

Mpwa wako ni hazina. Litasimama ikiwa kuta zitazuiwa kwa fito zilizosukwa kama tenga, na katika Uhari miti ni adimu. Maana yake ni kwamba kila Mhari atakusanya fito za kaburi lake tangu ujanani, moja moja, kila apitapo penye mti uliokufa. Atahama nazo. Mahari italipwa kwa fito. Atakayemwazima jirani fito zake mtoto anapofariki ghafla atakuwa ametoa kitu ambacho hakilipiki kwa ngamia. Na mwizi wa fito, sijui mtamfanya nini huko, lakini nisingependa kuwa yeye.