Kompresa ya karakana ya bodi nyumbani: nitengeneze, ninunue ya kimya, au niunge ya friji?

BodiZaShangani
Wakuu, salaam. Niko Mtwara mjini, uani kwangu natengeneza mbao za kuteleza kwenye mawimbi: povu jeupe, faiba na epoksi. Kompresa yangu ni ya lita 24, hosipawa 2, ile ambayo mota imeunganishwa na pampu bila mkanda. Imeanza visa. Mtungi ukishajaa ikazima, zamu ya kuwaka tena inaunguruma tu mpaka breka inakata. Halafu resini ya juu inafanya vishimo vya duara, macho ya samaki, nadhani ni maji kwenye upepo. Na kelele! Jirani kajifungua juzi, naona haya.

Nina njia tatu: kuitengeneza hii, kununua ile ya kimya isiyotumia oili, au kuunga kompresa ya friji na mtungi. Mngekuwa nyie?

MsimuWaKusi
Usinunue kitu bado. Ikizima yenyewe, unasikia "pshii" fupi pale kwenye presha swichi, ile inayozima mota mtungi ukijaa?

BodiZaShangani
Nasikia, ila haikomi. Inavuja mpaka mtungi unaisha.

MsimuWaKusi
Basi ni ile valvu ya kuzuia upepo usirudi, pale bomba la pampu linapoingia kwenye mtungi. Imeshika uchafu au kutu, upepo wa mtungi unarudi juu ya pistoni, mota inatakiwa kuanza na mzigo kichwani. Kapasita, kile kifaa cha kuisukuma mota ianze, ikiwa nzima kabisa bado itaunguruma tu. Toa upepo wote kwanza (wote!), fungua, safisha, tazama kile kipira. Spea yake ni hela ndogo.

Na umeme unauchukua wapi?

BodiZaShangani
Ekstensheni ya mita 20 kutoka sebuleni.

MsimuWaKusi
Hahaha. Kaka, mota ikianza inavuta umeme mara tano au zaidi ya ule wa kawaida. Kwenye waya mwembamba wa urefu huo volti zinaanguka kabla haijazunguka. Sogeza kompresa karibu na umeme, kisha refusha mpira wa upepo.

MamaResini_Mikindani
Mwanangu, macho ya samaki si maji. Ni oili. Maji yanakuletea malengelenge na ukungu mweupe kwenye rangi. Vishimo vya duara ni mafuta au silikoni, resini inayakimbia. Hebu sema kweli: ukimaliza msasa unapuliza vumbi kwa kompresa hiyohiyo, kisha unamimina resini?

BodiZaShangani
Ndiyo mama 😅

MamaResini_Mikindani
Ndiyo hapo. Pampu ya pistoni ringi zikichoka inatema oili kidogo kidogo, wewe unaipaka ubao mzima. Vumbi liondoe kwa brashi na mashine ya kunyonya, kisha futa kwa kitambaa safi chenye spiriti, uache ikauke. Kazi hiyo haihitaji upepo hata kidogo.

Upepo ubakie wa kupuliza rangi. Huko maji ni shida kweli, maana hewa ya pwani yetu ina unyevu, masika ndiyo usiseme. Wengi wanafunga kichujio palepale mtungini halafu wanalalamika. Upepo unatoka pale ukiwa wa moto, maji bado ni mvuke, yanapita tu. Peleka kwanza bomba la chuma lipande ukutani, litembee mita tano au zaidi lipoe, kisha lishuke, kichujio kiwe huku mwisho. Usitumie bomba la plastiki la maji, likipasuka kwa presha vipande vinaruka kama kisu. Na mtungi utoe maji kila jioni.

LigulaKimya
Mimi ninayo ya kimya. Kweli unaweza kuongea na simu pembeni yake. Ila kwa bunduki ya rangi inahema: kwa ubao mmoja mrefu naipumzisha mara mbili. Ile namba ya lita kwa dakika kwenye kibandiko ni ya hewa inayoingia, inayotoka ni pungufu sana. Na ringi zake zikiisha, hapa mjini spea sijaiona.

FundiBaridi
Ya friji usiipulizie rangi. Upepo wake mdogo, na inatema oili kuliko hiyo uliyonayo. Lakini igeuze: upande wa kunyonya uunge kwenye mfuko wa plastiki unaobana faiba kwenye ubao. Hapo haina mpinzani, na mtoto halii. Weka valvu ya kupunguza mvuto, maana povu jeupe ukilivuta sana linabonyea.

TandahimbaBoy
Mtungi wa gesi ya kupikia unafaa? Wa kwangu una mwaka na haujalipuka.

FundiBaridi
Presha unaihimili. Hatari ni kuuchomelea ukiwa na mabaki ya gesi, na chini hauna tundu la kutolea maji, unaliwa na kutu kwa ndani bila wewe kuona. Bora mtungi wa kompresa iliyokufa mota.

BodiZaShangani
Mrejesho wakuu. Valvu ilikuwa na ganda la kutu kama kucha. Nimesafisha, kompresa nimeihamishia ukutani karibu na luku, inawaka mara moja. Ubao wa jana nimefuta kwa spiriti: jicho moja tu, na hilo nadhani ni jasho langu. Ya kimya nimeiacha. Natafuta friji bovu lenye kompresa nzima, mwenye nalo Chuno au Chikongola aniambie. Kwa jirani nimepeleka samaki.

MamaResini_Mikindani
Samaki gani?