Kampeni za wadi bila matusi: MC na wapambe mnawadhibiti vipi?

MratibuKusini
Salamu wakuu. Naratibu kampeni ya mgombea wa uwakilishi wadi huku Kwale, tunajiandaa kwa Agosti 2027. Mgombea mwenyewe ni mtu mpole. Shida ni wanaomzunguka: MC, kina mama wa nyimbo na vijana wa bodaboda. Mpinzani wetu ni mama, na maneno yameshaanza kuingia kwenye ndoa yake na anakotoka. Sheria inaweka mpaka wapi kati ya kukosoa na kutukana? Na jukwaani nawazuia vipi bila kuua mkutano?

WakiliMashinani
Ndugu Mratibu, kuna sheria mbili hapo na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13. Hiyo inahusu maneno ya vitisho au matusi yanayochochea chuki ya kabila, rangi, uraia au asili ya mtu. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo hayo ya "anakotoka" ndiyo ya kuyakomesha leo. "Wabara waende kwao" kwa Pwani ni sawa na "madoadoa", yaani jamii zinazoitwa za kuja, kwa Bonde la Ufa, na kila Mkenya anajua lugha hiyo ilitufikisha wapi baada ya uchaguzi wa 2007: zaidi ya watu 1,100 walikufa.

Waambie pia kina mama kwamba fumbo si kinga. Sheria haiangalii nia ya msemaji peke yake. Inatosha kwamba, kwa mazingira yalivyokuwa, chuki ingeweza kuchochewa. Kama uwanja mzima umeelewa fumbo linamlenga nani, hata hakimu ataelewa.

Matusi ya mlevi, mjinga, mke wa nani, hayo hayaingii kifungu cha 13. Yanashughulikiwa na Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, Jedwali la Pili la Sheria ya Uchaguzi ya 2011. Mgombea anafungwa na kanuni hizo, na watu wake wakizivunja yeye ndiye anayeitwa mbele ya kamati ya IEBC, tume ya uchaguzi. Kamati inaweza kutoa onyo, kutoza faini, au kumpiga marufuku kufanya mikutano au kuingia eneo fulani kuomba kura. Mwonyeshe mgombea wako hilo la mwisho. Kufungiwa kata nzima wiki mbili kabla ya kura kunauma kuliko faini.

FundiJukwaa
Nijibu la jukwaani. Matusi mengi hayatokani na chuki, yanatokana na kuchelewa. Mkutano umetangazwa saa 8 mchana, mgombea anafika saa 11. Kwa saa tatu hizo MC hana la kusema, watu wanachoka, na kitu pekee kinachowaamsha ni kumpaka mpinzani. Kwa hiyo anza na ratiba. Mikutano miwili kwa siku, mitatu ikizidi. Umati uitwe nusu saa kabla ya mgombea kuingia, si zaidi.

Mpe MC karatasi moja: majina ya wasemaji kwa mpangilio, dakika 3 kila mmoja, wasizidi 6, na nyimbo zilizokubaliwa. Asiyekuwa kwenye karatasi hapewi maiki, hata awe mzee wa mtaa. Atambulishwe, apunge mkono, aketi. Nyimbo zisikilizwe siku moja kabla, ubeti kwa ubeti, kwa sababu ubeti mbaya huwa unatungwa garini.

Halafu kuna fundi wa mitambo. Huyu ndiye breki yako, MC siye. Kaa mahali anapokuona, mkubaliane ishara: ukishika sikio, anashusha maiki polepole na kupandisha muziki. Asikate ghafla. Ukikata ghafla umati unazomea na msemaji anaendelea kupiga kelele bila maiki, umefanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mgombea naye akisimama aseme waziwazi, "Hayo ya mama yule na ndoa yake si ya kampeni yangu." Akinyamaza, umati unachukua kwamba yeye ndiye aliyetuma.

KuraNiHoja
Naunga mkono, ila naomba heshima isigeuzwe kuwa kufungana midomo. Zahanati haina dawa, isemwe. Basari haikuwafikia watoto, isemwe, na kwa sauti. Tofauti iko kwenye ushahidi. Usiseme "ameiba". Sema: ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka fulani, ukurasa fulani, inaonyesha pesa kiasi hiki hazina stakabadhi, na tunamwomba aeleze. Hoja ya namna hiyo inauma kuliko tusi na hakuna kamati itakayokuita.

MratibuKusini
Ahsanteni sana. Nimebakiwa na la misafara. Barabara zetu ni nyembamba, vituo vya biashara ni hivyo hivyo vichache. Tukikutana nani anapisha?

BiRatiba
Kaka, jibu lake linaanzia kituo cha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apewe taarifa ya mkutano au maandamano siku 3 kabla, isizidi siku 14. Aliyetangulia kutoa taarifa ya uwanja na saa ndiye mwenye uwanja. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri na iandikwe saa iliyopokelewa. Wengi hupiga simu tu, kisha uwanjani inakuwa neno langu dhidi ya lako.

Mpigie mratibu wa upande wa pili, badilishaneni ratiba kila Jumapili jioni. Kubalianeni hivi: anayeelekea uwanja wake hupita, anayetoka husimama pembeni. Muziki uzimwe mkiona gari la kwanza la wenzenu. Bodaboda ndizo hutangulia na ndizo huanza vurugu, kwa hiyo weka gari la mratibu mbele yao. Mafuta lipa nusu asubuhi na nusu jioni kupitia kiongozi wa stejini, mwenye orodha ya namba za pikipiki. Pesa yote ikitoka asubuhi, kufika saa 9 nusu yao wamelewa.

WakiliMashinani
Naongeza moja. Rekodi mikutano yenu yote mwanzo hadi mwisho, simu ikiwa juu ya kigoda mbele ya jukwaa. Klipu ya sekunde 15 iliyokatwa haijibiwi kwa maneno, inajibiwa kwa rekodi kamili. Na mkitukanwa nyinyi, msijibu kwenye wasapu. Hifadhini faili la asili kwenye simu iliyorekodi, kwa sababu video iliyosambazwa hubanwa na kupoteza tarehe yake. Aliyerekodi aandike cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alirekodi, kwa simu gani, lini, na faili lilihamishwaje. Kisha barua kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, na nakala ibaki kwenu.