Naomba ushauri: nataka kuandika tathmini za burrito za San Francisco, nipime nini?

MpitaNjia_Oakland:

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Naishi Oakland, kibarua changu kiko San Francisco, na jioni napandia treni kituo cha 24th Street, pale pale mtaa wa Mission. Aliyewahi kupita anajua: taqueria (duka la vyakula vya Kimexico) huku, taqueria kule, na harufu ya nyama inakusindikiza mpaka kwenye geti la treni ya BART. Kila mgeni anayeingia kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa huku Bay huuliza burrito nzuri iko wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nataka niandike duka kwa duka, kwa Kiswahili, mtu asome kabla hajatoa hela yake. Siku hizi moja ni dola kumi na kitu, bado kodi, bado bakshishi ile ya kwenye kishikwambi unachogeuziwa huku foleni nzima inakutazama.

Kwa ambao hawajawahi kuiona: ni tortilla, mkate mwembamba wa ngano mpana kuliko sahani, ndani wanatia wali, maharage, nyama, kachumbari na pilipili, wanakunja ncha, wanaviringisha, wanafunga kwenye foili. Ikiongezwa jibini, parachichi na krimu chachu inaitwa super. Ukiimaliza mchana, usiku hupiki.

Shida ni kwamba nikikaa kuandika, kila duka linatoka vilevile: tamu, kubwa, wahudumu wakarimu, nyota nne. Nipime nini hasa? Duka linaloitwa La Taqueria hawatii wali kabisa, jirani zao wali ni nusu ya mzigo, nazilinganishaje? Halafu wasomaji wangu wengi ni Waislamu na mimi nakula kila kitu, nisije nikampeleka mtu pabaya. Na kuna kaduka ka familia, baba, mama na kijana wao, watu wema mno, ila chakula chao kwa kweli hapana. Niandike au ninyamaze?

Karibuni.

Chachandu:

Nakaa hapa kusubiri wataalamu. Weka picha mkuu, uzi wa chakula bila picha ni dhuluma.

Jikoni_Mwanza:

Mkuu, mimi nimefanya kazi kwenye taqueria huku California, nimesimama kwenye ule mstari wa kujaza burrito mpaka ndoto zangu zikawa na foili. Nitakwambia tunachokiangalia sisi wa jikoni, kingine wengine watasema.

Kwanza acha kuagiza super. Super inaficha dhambi. Parachichi, krimu na jibini vikiingia, hata nyama ya juzi inapita bila kupigiwa kelele. Agiza ya kawaida: nyama, maharage, salsa (mchuzi wa pilipili), na wali kama duka lina desturi ya wali. Agizo hilohilo kila duka, nyama ileile. Ukila carnitas (nyama ya nguruwe) hapa na kuku kule, hujalinganisha chochote, umekula tu.

Pili, tazama tortilla kabla hujatazama nyama. Tortilla ya ngano isiyopata moto ni kama chapati ya jana, inakatika pale pale kwenye mkunjo. Wengi Mission wanaipitisha kwenye mashine ya mvuke, inalainika na kunyumbuka, ndiyo maana wanaweza kubana mzigo wote ule bila kupasuka. Duka la Cancún wao wanaiweka kwenye bamba la moto, inatoka na madoa ya kahawia na kaharufu ka kuungua kidogo. Pale La Taqueria ukisema "dorado", burrito ikishaviringishwa inarudishwa kwenye bamba mpaka nje inakuwa kavu na inalia ukiuma. Neno hilo halikuwa limeandikwa ukutani, unalijua kwa kuambiwa. Sasa wewe unaweza kupenda ya mvuke au ya bamba, ni mdomo wako, lakini msomaji mwambie ni ipi.

Tatu, nyama inatoka wapi? Kama mtu anaikata ikiwa kwenye moto wakati wewe umesimama hapo, vizuri. Kama anachota kwenye trei ya mvuke, uliza moyoni imekaa humo tangu saa ngapi. Carnitas ya saa sita mchana na carnitas ya saa nne usiku kwenye duka moja ni vyakula viwili tofauti, kwa hiyo andika saa uliyokula. Watu wanaogombana mtandaoni kuhusu duka fulani, nusu yao wamekula saa tofauti tu.

Nne, kula pale pale. Foili inaendelea kuipika kwa mvuke wake yenyewe. Ukipanda nayo treni mpaka Oakland, unayoifungua si ile uliyofungiwa.

Na utazame mwisho wake. Kung'ata mara ya kwanza kila burrito ni nzuri. Fundi anajulikana chini: kama maharage hayakuchujwa, supu yote inashuka huko na ncha inakuchuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Na kama kajaza ovyo unakula wali mtupu, halafu nyama tupu, halafu parachichi tupu kama adhabu.

Chachandu:

"Nimesimama mpaka ndoto zikawa na foili" 😂 Mkuu umetisha.

Takwimu_Tu:

Naongezea kwa upande wa vipimo, maana hili lina historia.

Mwaka 2014 tovuti ya FiveThirtyEight ilifanya mashindano ya burrito ya Marekani nzima. Walianza na data ya migahawa zaidi ya 67,000 kutoka Yelp, tovuti ya tathmini za wateja, wakachuja mpaka 64, kisha mwandishi wao Anna Maria Barry-Jester akasafiri kuzila. Alama zilikuwa 100, zimegawanywa sehemu tano za alama 20: tortilla, nyama, viungo vingine, mwonekano, na ladha kwa ujumla. Iliyoshinda ni ya La Taqueria, hiyo hiyo isiyo na wali. Mwaka 2017 duka likapewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi Marekani, kipengele cha America's Classics.

Kuna pia mwanafunzi wa udaktari wa sayansi ya ubongo kule UC San Diego aliyepima kwa vigezo kumi, pamoja na ujazo, joto, uwiano wa nyama na vingine, na uimara wa mkunjo. Na hapo San Francisco kulikuwa na tovuti ya Burritoeater, iliyotoa masharubu badala ya nyota.

Maoni yangu: kumi ni vingi, utakula ukiwa na kalamu na chakula kipoe. Chukua vinne: tortilla, nyama, mpangilio wa ndani, salsa. Na usivijumlishe. Ukishasema "17 kati ya 20" umerudi kwenye nyota zako zilezile. Mtu anayependa nyama asome mstari wa nyama, basi.

Wali hautakuwa tatizo ukifanya hivyo. Usilinganishe wenye wali na wasio na wali kwenye ngazi moja. Ni mitindo miwili.

Bi_Mkunazini:

Kaka, hapo kwenye Waislamu nisikilize, maana wengi mnaandika "agiza kuku" mkadhani mmemaliza.

Carnitas ni nguruwe. Al pastor ni nguruwe. Chorizo mara nyingi ni nguruwe. Hayo watu wanayajua. Wasilolijua ni maharage. Yale yaliyopondwa, refritos, kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mtu anayala akijisifu leo sikula nyama. Tortilla ya ngano nayo kiasili hutiwa mafuta hayohayo, ingawa sehemu nyingi sasa wanatumia ya mimea. Halafu kisu kimoja, bamba moja. Kuku wako anakatwa palipokatwa kiti moto dakika moja iliyopita.

Kwa hiyo kila duka uulize: "¿Los frijoles llevan manteca?", yaani maharage yana mafuta ya nguruwe? Jibu likiwa sí, ndiyo, andika waziwazi. Maharage meusi au ya pinto yasiyopondwa mara nyingi yako salama, lakini uliza, usikisie. Ng'ombe na kuku wao si wa kuchinjwa kwetu, hapo kila mtu na msimamo wake, wewe usitoe fatwa. Toa habari tu, sisi tutaamua.

Ukituwekea hilo, kaka, umetufanyia kazi ambayo sijaona tovuti ya Kiingereza ikiifanya kwa ajili yetu.

Msafiri_Maskati:

Dada yangu wa Mkunazini, salamu kutoka Maskati. Naona picha za al pastor, ile nyama kwenye mti unaozunguka. Si shawarma hiyo?

Jikoni_Mwanza:

Macho yako yako sawa sheikh. Wahamiaji wa Lebanon waliipeleka Mexico, Puebla wakawa na tacos árabes. Baadaye wenyeji wakaifanya ya nguruwe, wakaipaka pilipili nyekundu na achiote, kiungo cha mbegu nyekundu, mti wenyewe wakauita trompo. Kwa hiyo mjukuu wa shawarma ndiye usiyeweza kumla.

Na hiki ni kipimo kingine, MpitaNjia: kama duka lina al pastor kwenye menyu na huoni trompo popote, hiyo imekaangwa kwenye bamba. Si vibaya, lakini iseme.

Kauzu_Mkweli:

Samahani wakuu, nitatia maji kwenye mchuzi. Mmatumbi wa Oakland unahakiki chakula cha Wamexico kwa idhini ya nani? Jana umejua dorado, leo unatoa alama.

Wa_Eastleigh:

Kauzu, swali lako si baya ila umelenga pembeni. Burrito hii kubwa ya foili si kitu utakachokuta kila kona ya Mexico. Ni mtoto wa Mission. Febronio Ontiveros wa duka la El Faro, pembe ya Folsom na 20th, alisema ameuza ya kwanza Septemba 1961 kwa wazima moto waliotaka chakula kikubwa. La Cumbre pale Valencia nao wanadai ni wao, 1969. Hawajakubaliana mpaka leo. Hata Chipotle, ile migahawa ya burrito, aliyeianzisha Denver mwaka 1993, Steve Ells, wazo alilipata alipokuwa mpishi San Francisco na kuziona hizi taqueria. Ni chakula cha wahamiaji waliohangaika kwenye mji wa watu. MpitaNjia naye ni nani?

Ila lipo moja nakubaliana na Kauzu: asiandike kama mtu aliyezaliwa nayo. Ajifunze majina ya nyama kwa Kihispania, na akiona foleni ya mafundi wa ujenzi saa sita, asimame nyuma yao aagize wanachoagiza. Mara nyingi ni lengua (ulimi) au cabeza (nyama ya kichwa). Ulimi mgumu hauna pa kujificha, jiko likiupatia, mengine yote yatakuwa sawa.

Kauzu_Mkweli:

Sawa, hapo nimekuelewa. Bado nitazisoma nikiwa na kisirani.

Mpira_Kwanza:

Hakuna aliyetaja kwamba El Farolito ina timu ya mpira? Ndiyo, ileile taqueria ya Mission na 24th inayouza usiku wa manane. Mwaka 2024 waliingia U.S. Open Cup, kombe la soka la Marekani, wakazitoa timu mbili za kulipwa kabla Oakland Roots hawajawatoa. Duka linalofunga magoli lipewe alama za ziada.

MpitaNjia_Oakland:

😂 Mkuu, nikisema hivyo hadharani Oakland nitahama.

Wote ahsanteni. Bi Mkunazini, swali la manteca nimeliandika kwenye simu. Bado lile la kaduka ka familia hamjanijibu.

Takwimu_Tu:

Liache nje. Orodha ya panapofaa inatosha, asiyetajwa hajatukanwa.

Bi_Mkunazini:

Sikubali. Ukiandika mazuri tu, baada ya mwezi nani atakuamini?

Mzee_Kisauni:

Wanangu, mimi nimewahi kuwa na kibanda cha chakula Kongowea, basi nisemee upande wa mwenye kibanda.

Tathmini mbaya haituumizi kwa sababu ni mbaya. Inatuumiza kwa sababu haina kitu cha kurekebisha. Mtu akiandika "chakula kibovu, msiende", mimi nifanye nini na hilo? Akiandika "nilikwenda saa tisa alasiri, nyama ilikuwa kavu, maharage hayana chumvi", kesho nitatia chumvi.

Kwa hiyo, mwanangu, rudi pale saa nyingine, siku nyingine. Lipa mwenyewe, ukipewa cha bure usiandike kabisa kuhusu siku hiyo. Simu usiitoe mpaka umeshahudumiwa, maana ukionekana unapiga picha utapewa nyama ambayo wenzako hawapewi. Ukikuta bado ni vilevile, andika ulichokula na ulivyokikuta, na neno "msiende" ulifute. Duka kubwa lenye foleni mpaka barabarani, huko usiwahurumie, wao hawatafunga kwa sababu yako.

MpitaNjia_Oakland:

Shikamoo mzee. Nimechukua.

Basi mpango ni huu: burrito ya kawaida ya carne asada (nyama ya ng'ombe ya kuchoma) kila duka ili hata wasiokula nguruwe wafuatilie, na pembeni kile duka linachojivunia. Vigezo vinne, hakuna jumla. Saa niliyokula, tortilla ya mvuke au ya bamba, manteca ndiyo au hapana. Ninaanza na Cancún, halafu Pancho Villa pale 16th. La Taqueria nitaiweka mwishoni, kila mtu keshaisemea.

Kuna mtu wa San Jose au Richmond anataka kuja Jumamosi? Tugawane, mimi peke yangu simalizi.

Jikoni_Mwanza:

Mimi naja. Beba taslimu, baadhi yao kadi hawataki kuiona. Na usinywe chai asubuhi.

Chachandu:

Na picha.