Faluda ya mwani wa mama imegoma kuganda, nimekosea wapi?

Binti_Jambiani: Asalaam alaykum wenzangu. Mie nauza faluda kila Ramadhani, na kipakti cha agar-agar, ule unga wa kugandishia, dukani sasa bei yake haishikiki. Nyumbani kwetu magunia ya mwani yamejaa ukumbini. Mama analima tangu mie mdogo, pwani yetu hii ya Jambiani na Paje, hapa Unguja, ndiko kilimo kilikoanzia mwaka 1989. Nikasema, kwani agar-agar nayo si mwani?

Nikaosha konzi mbili, nikachemsha na maziwa saa nzima, nikachuja kwa kitambaa, nikatia sukari, iliki na arki ya waridi, nikaweka kwenye friji. Asubuhi nimekuta uji wa mgonjwa, unanuka pwani maji yakipwa. Mume wangu kala kijiko kimoja, kasema alhamdulillahi, kanyamaza.

Kinachoniudhi zaidi, boksi la maziwa ya chokoleti ya mwanangu limeandikwa E407, naambiwa ndio mwani huu huu. Wao wanaufanyaje?

Maabara_Dar: Waalaykum salaam dada. Agar-agar ni E406, inatoka kwenye mwani mwingine, Gelidium na Gracilaria. Wa mama, kama vijitawi vyake vina miiba miiba, ni spinosumu. Huo unatoa karajinani, ute wa mwani wa kugandishia, ndiyo hiyo E407, lakini aina ya iota, ambayo hata ikiganda inabaki laini, inacheza cheza. Ya kusimama na kukatika kwa kisu ni aina ya kapa, na hiyo hutoka kwenye mwani mwingine uitwao kotonii. Kapa hukaza ikikutana na potasiamu, na protini ya maziwa nayo huisaidia.

Kwenye maziwa ya chokoleti kazi ni nyingine. Gramu 0.2 hadi 0.3 kwa lita zinatosha kufuma kama wavu mwembamba ndani ya maziwa, unga wa kakao usizame chini. Kiwandani huchemsha mwani kwenye alkali, wanachuja, wanatenganisha karajinani kwa alkoholi au kwa kukamua, wanakausha na kusaga. Wewe umebaki na chumvi, rangi na harufu vyote ndani ya sufuria.

Bi_Mkubwa_Paje: Mwanangu, saa nzima na maziwa? Mwani kavu unalowekwa kwanza maji matamu usiku kucha, unabadilisha maji mpaka uache kunuka, unaanikwa juani mpaka uwe mweupe. Ndio uupike, tena kwa maji, maziwa baadaye. Kotonii tuliilima na sisi, bei yake nzuri kuliko spinosumu. Bahari ilipozidi joto ikawa inageuka nyeupe, inakatika kambani, unafika shambani bamvua likitoka unakuta vigingi na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, tupu. Uliza Pemba, huko bado ipo.

Mlaji_Makini: Mnamfundisha mwenzenu kutia watu maradhi. Hiyo E407 si wanasema inaleta saratani?

Maabara_Dar: Inayosemwa hivyo ni poliginani, karajinani iliyovunjwavunjwa kwa asidi kali na moto. Hairuhusiwi kutiwa kwenye chakula. Kuhusu E407 yenyewe, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 iliweka kikomo cha muda cha miligramu 75 kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 4.5. Piga hesabu ni lita ngapi za maziwa ya chokoleti hizo. Mwenye tumbo linalosumbua mara kwa mara anaweza kuiacha, sina ugomvi naye.

Binti_Jambiani: Narudi na habari. Shoga yangu wa Pemba kaniletea kotonii kidogo. Nimeloweka siku mbili kama Bi Mkubwa alivyosema, nikapika kwa maji, nikachuja, nikachanganya na maziwa ya moto. Imeganda! Imekatika vipande. Lakini nilipoitoa futari ikakaa mezani karibu na sufuria ya uji, pembe zikaanza kulegea.

Maabara_Dar: Hapo agar-agar inakushinda. Ikishaganda haiyeyuki tena mpaka joto lipite nyuzi 80. Yako itoe kwenye friji mwisho, watu wakishamaliza tambi.

Binti_Jambiani: Basi ya kuuza naendelea na pakti, ya nyumbani ni hii. Na ile spinosumu nimeitia kwenye juisi ya embe, imekuwa nzito vizuri. Mume kaomba ya pili.